Dubu Aliyekatazwa Kuoga

"Shangazi, mbona anazama?"

Tulikuwa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, likizo ya Juni, yapata saa tatu usiku. Kusi ilikuwa inatupiga mgongoni na mchanga bado una joto la mchana. Binti wa kaka yangu alikuwa ameinua simu yenye programu ya nyota, ile inayochora mistari kati ya nukta za mwanga hadi umbo la mnyama litokee. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kumsimulia kisa cha Callisto, msichana wa Ugiriki aliyegeuzwa dubu, akapandishwa mbinguni, kisha akapigwa marufuku asiguse maji ya bahari milele.

Kwenye kioo cha simu kichwa cha dubu kilikuwa kimeshafika kwenye mstari wa bahari. Mwili ulikuwa unafuata, chali, miguu juu, mgongo umeelekea majini.

"Umesema haruhusiwi."

Na kabla sijafungua mdomo: "Kwani kosa lake lilikuwa nini?"

Swali la kwanza lina jibu la hesabu, nitalifikia. La pili limenikalisha macho wiki hizi zote.

Maji ya kwanza, maji ya pili

Anayekisimulia kisa hiki kwa urefu ni Ovid, mshairi wa Roma, katika kitabu cha pili cha Metamorphoses. Yeye anatumia majina ya Kirumi, Jupiter, Juno na Diana. Mimi nitabaki na ya Kigiriki.

Callisto alikuwa mwindaji wa Arcadia, nchi ya milima katikati ya Peloponnese, mmoja wa wasichana walioapa kuishi porini na mungu wao Artemis, bila mume. Mchana mmoja wa jua kali aliingia msituni, akalegeza upinde, akajilaza na podo chini ya kichwa. Zeus, mfalme wa miungu, akamwona yuko peke yake. Akavaa sura ya Artemis mwenyewe ili amsogelee, na msichana akainuka kumpokea bibi yake kwa furaha.

Kilichofuata Ovid hakifichi. Anasema Callisto alipigana kwa nguvu zote alizoweza, na hazikutosha. Halafu anafanya jambo ambalo kila nikilisoma hunisimamisha: anaiacha hadithi, anamgeukia Hera, mke wa Zeus, anamwambia laiti ungeona, ungekuwa na huruma zaidi. Mshairi anamtetea msichana mbele ya atakayemwadhibu, na adhabu bado haijafika.

Miezi tisa inapita. Artemis na wasichana wake, wamechoka kwa joto na mawindo, wanafika kwenye kijito chenye maji baridi. Tuogeni hapa, anasema, hakuna anayetuona. Wote wanavua. Callisto anasitasita. Wenzake wanamvua nguo, na tumbo linaonekana. Artemis anamwambia aondoke, asiyatie unajisi maji matakatifu.

Hayo ndiyo maji ya kwanza.

Anajifungua mtoto wa kiume, Arcas. Hera, aliyekuwa akingoja tu mtoto azaliwe, anamkamata nywele za mbele na kumbwaga chini. Mikono inaota manyoya, kucha zinapinda, sauti ya kuomba inageuka mngurumo. Akili inabaki ya mtu. Ovid anamfuata huko msituni: anaogopa kulala, anazungukazunguka mbele ya nyumba iliyokuwa yake, akiona dubu wengine anajificha kwa kusahau kwamba naye ni dubu. Miaka kama kumi na mitano baadaye mwanawe, sasa kijana mwindaji, anakutana naye. Mama anamtambua. Mwana anaona mnyama anayemkodolea macho, anainua mkuki.

Hapo ndipo Zeus anapoingilia na kuwanyakua wote wawili hadi mbinguni, wawe nyota jirani. Nyota za Callisto ndizo ziitwazo Dubu Mkubwa.

Hera haoni kwamba ameshinda. Anashuka hadi kwa Oceanus na Tethys, wazee wa bahari waliomlea, anawasihi wasimruhusu hawara huyu kuoga katika maji yao safi. Nao wanakubali.

Maji ya pili.

Msomaji aliyelelewa pwani atalisikia jambo hili kwa namna yake. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, kisha huoga, hutiwa udi, huvaa, hutoka, na watu humpokea upya. Josho ndilo linalomrudisha kwa watu. Callisto hakupewa josho la msichana kijitoni, wala la mzazi baharini. Wagiriki walitazama nyota zisizozama na wakaona ndani yake mwanamke ambaye hajawahi kutolewa ndani.

Toleo la Aratus

Nilitamani kumpa mtoto hadithi nyingine.

Ipo, tena ni ya zamani kuliko ya Ovid. Aratus, mshairi aliyeandika katika jumba la mfalme Antigonus Gonatas wa Makedonia, yapata mwaka 275 KK, aliichukua kazi ya mwanaastronomia Eudoxus na kuigeuza shairi la nyota liitwalo Phaenomena. Wengi wenu mmelisikia bila kujua. Paulo alipohubiri Athens alinukuu maneno yaliyomo humo: "sisi sote tu wazao wake" (Matendo 17:28). Anayezungumziwa katika shairi la Aratus ni Zeus.

Katika shairi hilo Dubu Mkubwa na Dubu Mdogo ni walezi. Zeus alipokuwa mchanga, amefichwa pangoni Krete asimezwe na baba yake Kronos, dubu wawili walimlisha mwaka mzima, naye akawalipa kwa kuwapandisha mbinguni. Aratus anaongeza kwa uangalifu: kama habari hiyo ni ya kweli.

Hadithi nzuri. Hakuna msitu, hakuna kijito, hakuna mkuki. Nilikaa nayo siku kadhaa nikijiambia mtoto wa umri ule inamtosha.

Lakini hadithi ya walezi ingeliacha swali lake pale pale. Alikwisha kusikia kwamba kuna anayekatazwa kuoga, na mtoto akisikia katazo hutafuta kosa. Nikimwambia hakuna katazo, nitakuwa namwambia asiulize. Usiku ule nilikuwa nimepita juu ya habari ya msituni kwa neno moja, kwamba Zeus alimlaghai, na kwa mtoto naona neno hilo linatosha kwa sasa. Maelezo ya programu ya simu yalisema Zeus "alimpenda". Hilo silikubali. Ukiandika kwamba alimpenda, mengine yote yaliyompata Callisto yanageuka ugomvi wa wake wenza.

Mstari wa uwanjani

Lililonikalisha macho hasa si Zeus. Waovu wenye nguvu hadithi za kale zinao wengi.

Ni wale wenzake kijitoni.

Shule niliyosoma, wasichana tulikuwa tukipangwa mstari na kupimwa mimba. Aliyebainika aliondoka siku hiyohiyo, sanduku kichwani, na hakukuwa na kikao cha kuuliza aliyehusika ni nani. Tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa akitufundisha hesabu usiku baada ya maandalio, mtu mwenye mwandiko mzuri na subira ya ajabu. Waliomsema kwa matroni walikuwa wa bweni lake. Aliambiwa asikae hata mlo wa jioni, kwa maneno yanayofanana sana na ya Artemis: ataharibu wengine.

Miaka yote hiyo sikuwahi kumweka mwenzetu huyo na Callisto katika wazo moja. Mtoto ndiye aliyewakutanisha, kwa kuuliza kosa.

Kwa miongo mingi ndivyo ilivyokuwa katika shule za Tanzania Bara, na wengi wetu tuliichukulia kama kanuni ya maumbile: mimba na shule havikai pamoja. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Tangazo moja tu, na jambo lililokuwa halisogei likasogea. Nakumbuka nilivyolisoma, nikalirudia, nikifikiria mwandiko ule ubaoni.

Artemis wa kijitoni hakumuuliza Callisto lolote. Kosa lililoadhibiwa pale ni tumbo kuonekana.

Wasichana waliocheza dubu

Kuna mahali panaitwa Brauron, upande wa mashariki wa Attica, karibu na bahari, safari fupi kutoka Athens. Palikuwa na hekalu la Artemis kando ya chemchemi. Huko wasichana wadogo wa Athens, kabla hawajafikia umri wa kuolewa, walipelekwa kumtumikia mungu huyo, na walipokuwa huko waliitwa dubu. Katika tamthilia ya Lysistrata ya Aristophanes, ya mwaka 411 KK, wanawake wanaojisifia malezi yao wanataja hilo kwa fahari: nilikuwa dubu Brauron, nimevaa vazi la rangi ya zafarani.

Waliosimulia chanzo cha desturi hiyo walisema dubu mfugwa wa Artemis alimkwaruza msichana aliyekuwa akimchokoza, ndugu wa msichana wakamuua dubu, na tauni ikaingia mjini hadi wazazi walipokubali binti zao wamlipe Artemis kwa kucheza dubu. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua hapo katika karne iliyopita walikuta vyombo vidogo vya udongo vyenye picha za wasichana wakikimbia.

Umri wao ni wa binti wa kaka yangu.

Artemis wa Brauron ndiye pia waliyemwomba wanawake wakati wa uchungu wa kuzaa. Nguo za waliofariki katika uzazi zilitolewa hapohapo, kwa jina la Iphigenia, kuhani wa Artemis, kama Euripides anavyoeleza mwishoni mwa tamthilia yake juu ya Iphigenia huyo. Kwa hiyo mungu aliyemfukuza mjamzito ndiye aliyekuwa akipokea nguo za waliokufa wakijifungua. Nimejaribu kuyapatanisha haya mawili. Sijaweza, na nahisi Wagiriki wenyewe hawakuyapatanisha. Waliishi nayo, kama tunavyoishi na watu wazima wanaomwombea mzazi msikitini au kanisani na kumfukuza binti yake nyumbani.

Pausanias, msafiri wa karne ya pili BK aliyetembea sehemu kubwa ya Ugiriki akiandika alichokiona, alionyeshwa kaburi la Callisto huko Arcadia: kilima kirefu cha udongo, juu yake miti mingi, mingine ya matunda, mingine ya porini. Kileleni palikuwa na hekalu. La nani? La Artemis, aliyeitwa hapo kwa jina la Kalliste.

Kwa kuwa kaburi lipo, Pausanias anasita kusema kwamba Callisto aligeuka nyota. Anasema huenda nyota zimepewa jina lake kwa heshima tu. Namshukuru kwa sentensi hiyo. Angalau mmoja wao alimhesabu kuwa mtu aliyekufa na kuzikwa.

Hesabu ya kuzama

Sasa swali la kwanza.

Mtu aliyesimama kwenye Ncha ya Kaskazini huona nyota zikizunguka bila hata moja kuzama. Aliye kwenye ikweta huona zote zikichomoza na zote zikizama. Aliye katikati huona duara la nyota zisizozama, na ukubwa wa duara hilo unategemea latitudo yake. Athens iko nyuzi 38 hivi kaskazini, kwa hiyo nyota yoyote iliyo ndani ya nyuzi 38 kutoka ncha ya mbingu, yaani nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, haiguswi na upeo wa macho. Nyota saba kuu za Dubu Mkubwa, katika enzi za Homer, mshairi mkongwe wa Wagiriki, zilikuwa humo ndani. Ndiyo maana katika kitabu cha tano cha utenzi wake, Odyssey, Odysseus akiwa peke yake juu ya chombo alichokiunda kwa mikono yake, halali, anamtazama Dubu, aliyeambiwa amweke mkono wa kushoto, Dubu "asiye na fungu katika majosho ya Bahari."

Nungwi iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Ncha ya kaskazini ya mbingu iko chini ya maji, haionekani kabisa. Duara la nyota zisizozama upande ule halipo. Kwa hiyo Dubu huchomoza kaskazini mashariki, hupita chini chini akiwa chali, na huingia baharini kaskazini magharibi, kichwa kwanza, kisha mgongo, mkia mwisho. Mwanzoni mwa Juni nyota ya mgongoni, Dubhe, huzama kabla kidogo ya saa sita usiku, na Alkaid, ya ncha ya mkia, huifuata yapata saa tisa.

Kila siku, mwaka mzima, iwe usiku tukimwona au mchana jua likimficha, Callisto anaoga katika Bahari ya Hindi.

Hera aliwaomba wazee wa bahari wafunge maji yote. Ukweli ni kwamba katazo lake liliishia pale macho ya Mgiriki yalipoishia. Lilikuwa sheria ya latitudo yao.

Nilipofika hapa nilifurahi, kisha furaha ikanitia shaka. Nyota hazina mwili wa kuosha. Mwenzetu wa bwenini haponi kwa sababu Dubhe imezama kaskazini ya Unguja. Faraja inayopatikana kwa kusogea kilomita elfu kadhaa kusini ni rahisi mno, na tena ni ya msomaji, si ya aliyeumizwa. Nikaacha kuandika.

Kilichonirudisha ni Athens yenyewe.

Mhimili wa dunia haukai mahali pamoja. Unayumba polepole, na mzunguko mmoja wa kuyumba huko huchukua takriban miaka 26,000. Hipparchus ndiye aliyelitambua hilo, katika karne ya pili KK, kwa kulinganisha vipimo vyake vya nyota na vya waliomtangulia. Ncha ya mbingu imekuwa ikihama, na kadiri ilivyosogea karibu na Nyota ya Kaskazini tunayoijua leo, ndivyo ilivyomwacha Dubu Mkubwa nje. Alkaid sasa iko nyuzi 41 hivi kutoka kwenye ncha. Duara la Athens ni la nyuzi 38.

Fanya hesabu hiyo mwenyewe, karatasi na kalamu. Alkaid inazama Athens. Usiku wa Novemba, mtu akiwa ufukweni mwa Attica penye upeo wazi upande wa kaskazini, ncha ya mkia wa Callisto huenda chini kwa saa kadhaa kisha hutoka tena. Brauron vilevile. Arcadia, iliyo kusini kidogo, zaidi. Maji yamemfikia hukohuko kwao, mbele ya hekalu la aliyemfukuza.

Hakuna mungu aliyemhurumia wala mshairi aliyeibadilisha hadithi. Ardhi iliyo chini ya miguu ya wote waliotoa amri ile ilikuwa inasogea muda wote, hata walipokuwa wakiapa kwamba ni ya milele.

Jeneza na mabinti

Niongeze hili kwa sababu bahari yetu imo ndani yake. Mabaharia Waarabu waliokuja pwani hii kwa kaskazi walizijua nyota hizohizo saba kwa jina la Banatu Naashi: nne ni jeneza, tatu za mkia ni mabinti wanaolifuata wakiomboleza baba yao. Walipima safari kwa kimo cha nyota juu ya upeo, kwa vidole. Kadiri jahazi lilivyoshuka kusini na nyota ya Jaa, ndiyo Nyota ya Kaskazini, kupotea majini, walihamia kwenye nyota nyingine za kaskazini, Naashi zikiwemo. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar wa karne ya 15, ameacha shairi zima la urambazaji wa njia ya Sofala, katika Msumbiji ya leo.

Huko nako wanawake, huko nako msiba. Lakini mabinti wa Naashi wana baba wa kumlilia na wanatembea pamoja. Na mabaharia waliowatazama walijua vizuri kwamba wanazama, kwa kuwa urefu wao juu ya maji ndio uliowaambia wako wapi.

Jirani mwenye nywele

Ukishajua habari ya Callisto, huwezi tena kuzitazama nyota za kaskazini kwa macho yaleyale. Kilimia, ambacho wazee wetu walikitazama kwa ajili ya mvua na Hesiod, mshairi wa Kigiriki, alikitazama kwa ajili ya kulima na kuvuna, kwa Wagiriki ni dada saba wanaomkimbia Orion. Andromeda, binti mfalme wa Aethiopia, amefungwa mwambani kwa majivuno ya mama yake, Cassiopeia. Ovid, kwingineko katika mashairi yake, anasema wazi kwamba rangi yake ilikuwa ya weusi wa nchi yake, na bado wachoraji wa Ulaya karne kwa karne walimchora mweupe. Hilo linanikera kila nionapo picha hizo, na linastahili makala yake.

Ila kuna mmoja.

Nyuma ya Dubu, si mbali na mkia wake, kuna ukungu mwembamba wa nyota hafifu uitwao Nywele za Berenice. Berenice wa Pili aliishi kweli. Alizaliwa Cyrene, katika Libya ya leo, akawa malkia wa Misri. Mumewe, Ptolemy wa Tatu, alipokwenda vitani Syria mwaka 246 KK, Berenice aliweka nadhiri kwamba akirudi salama atakata nywele zake na kuzitoa hekaluni. Alirudi. Akazikata. Nywele zikapotea hekaluni, na Conon wa Samos, mwanaastronomia wa jumba la Alexandria, akatangaza kwamba ameziona mbinguni. Callimachus akaandika shairi ambalo nywele zenyewe ndizo zinazungumza, zikilalamika kwamba zimetenganishwa na kichwa cha malkia.

Katika wanawake wote ninaowajua kwenye anga ile, huyu ndiye aliyetoa kilicho chake kwa hiari yake. Hata yeye aliuawa mwaka 221 KK, mwanawe alipoingia madarakani. Lakini nyota hazikuwekwa kwa ajili ya kuuawa kwake. Ziliwekwa kwa ajili ya nadhiri. Nimemwonyesha binti wa kaka yangu mahali zilipo, na nilihakikisha anajua kwamba mwenye nywele hizo ni mtu wa Afrika.

Mwezi wa nne wa Jupiter

Januari 1610 Galileo alielekeza darubini kwenye sayari ya Jupiter akaona vimwanga vinne vinavyoizunguka, miezi yake. Majina tunayoyatumia leo yalichapishwa na Mjerumani Simon Marius mwaka 1614, kwa pendekezo la Kepler: Io, Europa, Ganymede, Callisto. Wote wanne ni watu ambao Jupiter wa hadithi aliwachukua. Wataalamu wale waliona ni mzaha wa kisomi unaofaa. Mimi naona ukatili ndani yake, kwamba Callisto, baada ya kufukuzwa kijitoni na kunyimwa bahari, amewekwa amzunguke Jupiter kila baada ya siku 17 hivi, bila mwisho.

Nilidhani hapo ndipo kisa kinapoishia.

Lakini chombo kilichopewa jina la Galileo, kilichoizunguka Jupiter tangu 1995 hadi 2003, kilipima sumaku karibu na mwezi huo, na vipimo vikaonyesha dalili kwamba chini ya ganda lake la barafu kuna bahari ya maji ya chumvi. Bado ni dalili. Tarehe 14 Aprili 2023 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha chombo kiitwacho Juice kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Kinatarajiwa kufika Jupiter mwaka 2031, na katika kazi zake kitapita karibu na Callisto mara nyingi, kikipima ikiwa bahari hiyo ipo kweli.

Binti wa kaka yangu ameshapata jibu la kosa. Nilimpigia simu nikamwambia hakuwa nalo, na nikamweleza zaidi kidogo ya nilivyomweleza ufukweni. Alinyamaza, kisha akauliza juu ya wasichana wa kijitoni: walijua? Tumelizungumza hilo kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Yeye anaona walijua.

Nimeandika 2031 kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu la nyota. Natamani miongoni mwa watakaokaa kusoma vipimo vile awepo mtu wa huku kwetu anayekijua kisa chote. Nimepiga hesabu ya miaka pia. Msichana aliyerudi kidato cha pili Januari 2022, mtoto akiwa kwa bibi yake, ana muda wa kutosha kumaliza shahada ya fizikia kabla chombo hicho hakijafika.